Kiraka au fundi wa mshipi mmoja? Ubishi wa wavuvi kuanzia Wazo hadi Kunduchi

MASHABIKI wa soka Bongo wanaujua ubishi huu vizuri. Straika ambaye kazi yake ni kufunga tu na kiraka anayeweza kupangwa namba nne tofauti, nani ana faida zaidi kwa timu? Kijiweni unaweza kuliwasha hilo saa mbili asubuhi likafika jioni bila mshindi.

Ukishuka kutoka Mlima Wazo, ukavuka Barabara ya Bagamoyo na kuelekea Kunduchi au Ununio, unaukuta ubishi uleule. Tofauti ni kwamba huku hauhusu mpira bali uvuvi. Kijana mwenye ndoano ashike njia moja hadi aive, au aonje zote: mshipi, dema, pweza, nyavu na dagaa wa usiku?

Swali si dogo. Kwa wanaovua wikiendi kujiburudisha, ni suala la kurudi na samaki au na ndoo tupu. Kwa anayelisha familia, ni suala la kula.

MWEZI NDIYO RATIBA

Ligi ina ratiba yake, na bahari ina yake. Anayeipanga ratiba ya bahari ni mwezi, na haombwi kuahirisha mechi.

Wavuvi wa dagaa wanatumia taa kuwavuta samaki, hivyo kazi yao inakwenda usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa inapoteza nguvu. Siku hizo wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu.

Wa pweza wanasubiri bamvua, maji yanapokupwa sana na kuacha miamba wazi. Hiyo huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Wa mshipi wa chini, anayetafuta changu na chewa, mara nyingi anafurahia maji mafu, siku ambazo mkondo umepoa na chubwi inatulia chini badala ya kukokotwa.

Juu ya hapo kuna pepo. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, na bahari huwa na upole zaidi. Kusi ikishika, kati ya Aprili na Oktoba, mawimbi yanakuwa makubwa na mwenye mtumbwi au ngalawa ndogo anajifikiria mara mbili kabla ya kwenda mbali.

Hapo ndipo hoja ya kiraka inapopata nguvu. Anayejua njia moja tu ana siku nyingi za kukaa benchi, na si kocha aliyemweka huko, ni mwezi na upepo.

FUNDI HANA MBADALA

Lakini usimdharau fundi wa kitu kimoja. Mbwana Samatta hakufika Ulaya kwa kucheza kila namba. Alikuwa straika, akajifua kuwa straika. Msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 katika Ligi Kuu ya Ubelgiji akiwa na Genk, na Machi 1, 2020 akaifungia Aston Villa kwa kichwa pale Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa ililala 2-1, ila bao lile Watanzania hawajalisahau.

Baharini nako ni hivyo. Agosti 4, 1953, Mmarekani Alfred Glassell alimvua nduwaro mweusi wa ratili 1,560, zaidi ya kilo 700, kwa fimbo na uzi huko Cabo Blanco, Peru. Rekodi hiyo ya nduwaro mweusi bado inasimama. Samaki wa namna ile havuliwi na mtu aliyepita njia kuona kama kuna kitu. Unamfuata kwenye maji yake, ukiwa na zana zake na subira yake.

Ufundi wa mshipi una siri ambazo hazionekani ukiwa ufukweni. Fundi anajua mwamba uliko bila kuuona. Anapanga alama mbili za nchi kavu: mlima kama wa Wazo unaweza kuwa ya kwanza, mnazi mrefu ufukweni ukawa ya pili. Zikikaa kwenye mstari, anatia nanga. Anajua pia kutofautisha samaki anayedonoa chambo na aliyekwisha kumeza, kwa kidole tu.

Kidole hicho hakifundishwi wiki moja. Wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Hawakumaanisha mvuvi wa juzi.

KIRAKA HAKUZALIWA KIRAKA

Sasa mtazame Erasto Nyoni. Ukitaja viraka wa soka la Tanzania, jina lake haliwezi kukosa. Beki wa kulia yumo, kushoto yumo, kati yumo, kiungo mkabaji pia yumo. Machi 24, 2019, Taifa Stars ilipoichapa Uganda 3-0 na kufuzu Afcon baada ya miaka 39, bao la pili lilikuwa lake, kwa penalti.

Wengi wanaisoma vibaya hadithi ya Nyoni. Wanadhani alikuwa anajaribu jaribu kila kitu. Ukweli ni kwamba zile namba zote zina mzizi mmoja: kusoma mchezo na kukaba. Alikuwa na msingi, akauhamisha.

Mvuvi kiraka wa kweli naye yuko hivyo. Aliyeiva kwenye mshipi wa chini tayari anajua mikondo, miamba na tabia za samaki. Akihamia kurambaza, yaani kuburuza chambo nyuma ya chombo kumtafuta nguru au jodari, haanzi sifuri. Akitega dema, anajua aliweke wapi.

Yule anayebadili njia kila wiki kwa sababu jirani kapata ni habari nyingine. Leo ananunua ndoano, kesho vipande vya nyavu, keshokutwa taa. Mwisho wa mwezi ana vifaa vya njia nne na ujuzi wa nusu njia. Mshika mbili moja humponyoka, huyu kashika nne.

TIMU INA 11, MVUVI YUKO PEKE YAKE

Simba ya msimu wa 2018/19 ilikuwa na wote wawili. Meddie Kagere alifunga mabao 23 ya ligi akiwa na kazi moja tu, huku Nyoni akiziba pengo lolote lililojitokeza. Timu ilibeba ubingwa na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Kocha ana anasa hiyo kwa sababu ana kikosi. Chombo kikubwa cha uvuvi nacho kina kikosi: nahodha, wa taa, wa nyavu. Humo kila mtu anaweza kuwa fundi wa jambo lake, kwani mwenzake anaziba upande mwingine.

Mwenye mtumbwi wake mwenyewe hana benchi. Yeye ndiye kipa, beki na straika. Huyo akikomaa na njia moja tu, mbalamwezi moja au kusi moja kali inamlaza njaa. Anahitaji angalau njia ya pili, tena ya msimu ambao ya kwanza inalala.

Wa wikiendi ni kesi tofauti. Huyu anaingia majini mara nne kwa mwezi, mvua isiponyesha. Akigawa siku hizo kwa njia nne, kila moja anaifanya mara 12 tu kwa mwaka. Hakuna mchezaji anayeiva kwa mazoezi 12. Kwake jibu ni jepesi: njia moja, sehemu moja, hadi maji yamzoee.

Wote wawili wakumbuke mipaka ya uwanja. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari, na baruti ni kosa la jinai. Ukiwa fundi wa baruti wewe si kiraka wala straika. Unachimba uwanja ambao wenzako watauchezea kesho.

HESABU YA MWISHO

Kwa hiyo ubishi wa Wazo hauna mshindi mmoja, ila una mpangilio. Fundi kwanza, kiraka baadaye. Shika mshipi, pitia nao kaskazi nzima na kusi nzima, ujue kwa nini umepata na kwa nini umekosa. Kisha ongeza njia ya pili, si kwa sababu jirani kapata, bali kwa sababu ratiba ya mwezi imekuachia siku tupu.

Makocha wa timu za watoto wanaijua kanuni hii. Dogo anafundishwa kutuliza mpira kabla ya kuulizwa anacheza namba ngapi.