Meno manne ya gia yanavyopunguza mzigo wa kilima Dranya

KOBOKO, Uganda – Mfanyabiashara anayetoka Dranya alfajiri na gunia la muhogo mkavu kwenye keria anajua hesabu ya muda. Akishuka kusukuma baiskeli kila penye mwinuko, atafika soko la Koboko wakati wanunuzi wanaopeleka bidhaa Kaya, Sudan Kusini, wameshapakia na kuelekea Oraba. Wengi hulaumu miguu au uzito wa gunia, kumbe tatizo linaweza kuwa meno manne tu ya gia ya nyuma.

Baiskeli ya mizigo ya magurudumu ya inchi 28 huwa na gia moja. Hakuna cha kubadilisha njiani; uamuzi hufanyika kwa fundi. Chukua mfano wa baiskeli yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedali huisogeza karibu mita tano na nusu. Ukiweka friwili ya meno 22, itasogea karibu mita nne na nusu. Nguvu ya kukanyaga hupungua kwa takriban asilimia 18, ila miguu itazunguka mara 122 pale ilipozunguka mara 100.

Kwa mzigo mwepesi kwenye lami ya Arua hadi Koboko, meno 18 yanatosha. Kwa gunia kwenye barabara ya udongo, 22 yana nafuu. Chagua kwa kufuata kilima kikali kuliko vyote unachopanda ukiwa na mzigo kamili, si tambarare unayopita ukirudi mtupu.

Gia ikiongezwa meno manne, cheni huhitaji pingili mbili zaidi, au gurudumu la nyuma lisogezwe mbele kidogo. Kagua pia uchakavu kwa rula: pingili 24 za cheni mpya hufika inchi 12 kamili. Zikizidi inchi 12 na sehemu moja ya nane, nunua nyingine, kwani cheni iliyolegea hula meno, na hapo utalipia cheni na gia kwa pamoja.

Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba gunia, hivyo spoki zake zikazwe kwanza. Breki nazo zisisahaulike. Gia nyepesi husaidia kupanda tu. Kwenye mteremko haizuii kitu, na rimu ya chuma ikilowa mvua breki hushika kwa shida. Punguza mwendo kabla mteremko haujaanza.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kongo ikafuata 2022. Soko limepanuka pande zote za Koboko, lakini gunia la Dranya bado linaanza safari kwa baiskeli. Kabla ya kununua baiskeli mpya, mwulize fundi bei ya friwili moja.