Je, Wajua? Ukali wa Pilipili Hautoki Kwenye Mbegu

Malemba-Nkulu, kando ya mto Lualaba mkoani Haut-Lomami, ni nchi ya samaki, na bukari kwa samaki hunoga zaidi pilipili ikiwa pembeni ya sahani. Lakini je, wajua kwamba mmea huu si wa asili ya Afrika? Ulitoka Amerika, ukaletwa kwenye pwani zetu na mabaharia Wareno baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492.

Wengi huondoa mbegu wakidhani ndizo kali. Sivyo. Pasua pilipili mbuzi kwa urefu, utazame ule utando mweupe unaoshika mbegu: hapo ndipo inapotengenezwa kapsaisini, kemikali inayowasha. Mbegu huambukizwa tu ukali kwa kugusana nao.

La ajabu zaidi, mdomo hauungui hata kidogo. Kapsaisini huamsha kipokezi kile kile cha neva kinachohisi joto kali, nao ubongo huamini kuna moto. Ndipo jasho na machozi hutoka. Kugundua kipokezi hicho kulimpatia David Julius wa Marekani sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Ndege hawausikii ukali huo, ndiyo maana hula pilipili na kusambaza mbegu zake.

Ukizidiwa, usikimbilie maji, kwani kapsaisini haiyeyuki vizuri ndani yake. Kunywa maziwa. Na ukishatwanga pilipili, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa macho.