Yai la Nyumbani: Kulipika Asubuhi, Mchana na Jioni

Leo tuzungumze juu ya yai. Boma nyingi zina kuku wawili watatu, lakini mayai yakikusanywa hupelekwa sokoni, na yanayobaki huwekewa baba au mgeni. Mtoto aliyetimiza miezi 6, ambaye ndiye anayelihitaji zaidi, anapewa uji mtupu.

Huenda mama mkwe akakuambia mtoto akila yai kabla ya kuanza kusema, atakuwa bubu au atachelewa kuzungumza. Usigombane naye. Mweleze kwa heshima kwamba si hivyo, na kwamba kiini cha yai kina kolini, ambayo ubongo wa mtoto huihitaji ili ukue. Yai moja lina pia protini kama gramu 6, pamoja na vitamini A. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale kila siku chakula kinachotokana na wanyama, kama vile nyama, samaki au mayai, huku akiendelea kunyonya. Nyama ni ghali, na samaki hawafiki kila mahali. Yai liko hapo nyuma ya jikoni.

Tuanze na kuchemsha. Weka mayai kwenye sufuria, mimina maji baridi yayafunike, na maji yakianza kutokota hesabu dakika 10. Ninyi mnaoishi sehemu za juu kama Nyahururu au Limuru, ongezeni dakika mbili tatu, kwa maana huko maji hutokota kabla hayajapata moto kama yale ya Mombasa. Ukikuta mviringo wa kijani kuzunguka kiini, yai halijaoza. Limekaa motoni muda mrefu tu.

Kwa mtoto anayeanza kula, ponda yai lililoiva, kiini na sehemu nyeupe pamoja, ulilainishe kwa maziwa yako uliyokamua. Usitie chumvi. Siku ya kwanza mpe nusu kijiko cha chai, tena asubuhi, ili uwe na mchana mzima wa kumtazama. Akitokwa na vipele au akitapika tapika, usimpe tena hadi aonwe na daktari au muuguzi. Akivimba midomo au uso, au akipumua kwa shida, hiyo ni dharura: mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Watoto wengi hawapati shida yoyote, na baada ya siku chache utakuwa ukimpa yai zima.

Waweza pia kulitia kwenye uji. Hapa akina mama wengi hukata tamaa, kwa sababu wakilivunjia yai moja kwa moja sufuriani linaganda vipande vipande na mtoto anavitema. Lipige kwanza kwenye kikombe. Teka vijiko vitatu vya uji wa moto, uvitie humo kidogo kidogo ukikoroga, kisha rudisha vyote sufuriani na uache uji utokote dakika tatu huku mwiko ukizunguka. Utapata uji laini kama uliotiwa maziwa.

Chakula cha mchana cha watu watano hakihitaji mayai matano. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka ziive kabisa, tia maji kidogo, halafu vipande vya mayai matatu yaliyochemshwa. Huo ni mchuzi wa kulia ugali, wali au chapati. Jioni, sukuma wiki ikikaribia kuiva, ivunjie mayai mawili na ukoroge hadi yakauke. Viazi au wali uliobaki wafaa vivyo hivyo. Ukipakua, anza na sahani ya mtoto. Baba ataelewa, na kama haelewi, msomee ukurasa huu.

Wako wanaokunywa yai bichi wakitafuta nguvu au dawa ya kifua. Halitibu kifua, na laweza kuwa na vijidudu vinavyoleta homa, kutapika na kuhara, jambo la hatari hasa kwa mtoto na mama mja mzito. Pika mpaka nyeupe na kiini vishikane. Yai lenye ufa usilinunue hata likipunguzwa bei. Usiyaoshe mayai unapoyaweka, kwani maji husaidia vijidudu kupenya ganda. Yapanguse kwa kitambaa kikavu. Kama hujui yai limekaa siku ngapi, litumbukize kwenye maji. Likielea, ni la zamani: livunje kwenye bakuli lake peke yake, na likitoa harufu, mwaga. Kisha nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika jingine.

Juma lijalo tutaendelea na mboga za majani. Kwaherini.