Msumari au Kiunzi: Namna ya Kuunga Mfupa wa Muundi

Mwendesha bodaboda aangukapo Mtinko, katika barabara itokayo Singida mjini kuelekea Haydom, mara nyingi kinachovunjika ni muundi. Mwanafunzi apapase mguu wake kati ya goti na kifundo: upande wa mbele mfupa uko chini ya ngozi tu, hauna mnofu wa kuukinga. Kwa hiyo ukivunjika, ncha yake hutoboa ngozi kwa urahisi na vumbi likaingia. Huu ndio mvunjiko wazi, na hatari yake kubwa ni vijidudu vinavyofika mfupani.

Kazi ya kwanza ni dawa za kuua vijidudu, zitolewe mapema iwezekanavyo, kisha jeraha lisafishwe barabara chumbani mwa upasuaji. Hapo ndipo lizukapo swali la kuushika mfupa. Hogo halifai sana hapa, kwa kuwa hulifunika jeraha.

Kiunzi cha nje ni fito ya chuma iliyo nje ya mguu, iliyoshikizwa kwa pini zinazopenya ngozi hadi mfupani, juu na chini ya mvunjiko. Hufungwa upesi, na jeraha hubaki wazi kwa kuuguzwa. Msumari, ambao daktari Mjerumani Gerhard Küntscher aliutangaza mwaka 1940, hupitishwa ndani ya uwazi wa uboho.

Fizikia yaweza kueleza tofauti yao. Mwanzi uliovunjika ukifungiwa kijiti kilicho mbali nao kidogo, utapinda ukiegemewa, kwa sababu uzito una mkono wa wenzo wa kufanyia kazi. Ufito ukipitishwa ndani ya mwanzi, mkono huo karibu unatoweka.

Mbona basi msumari haukuenea mapema? Skrubu za kuufunga zilihitaji mtambo wa eksirei wakati wa upasuaji, na mtambo huo ni ghali. Shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, lilibuni kielekezi cha nje kinachoonyesha matundu yalipo. Hospitali hupewa misumari, nazo hurudisha taarifa na picha za kila mgonjwa: biashara ya busara, maana takwimu zenyewe ni mali.

Ilibaki hofu moja, kwamba msumari ungesambaza usaha katika uboho wote. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, iliipima hofu hiyo kwa wagonjwa 240, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Majeraha mabaya kupita kiasi hayakuhusishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya mwaka mmoja, idadi ya waliofariki au kuhitaji kupasuliwa tena haikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika, wala maambukizo ya ndani. Lakini miguu ya kiunzi iliunga ikiwa imepinda mara nyingi zaidi, na katika wiki za mwanzo waliowekewa msumari walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao.

Nafuu hiyo ya mapema, ambayo hufifia mwaka ukiisha, yaweza kuonekana ndogo katika jedwali. Mtinko ina uzito mwingine. Matundu ya pini hutaka kusafishwa kila siku kwa maji safi, katika nchi kame ambako maji hufuatwa mbali, na kiunzi hutaka safari za kurudi hospitali. Mkulima aliyefungiwa chuma hicho mwezi Desemba, alizeti yake itapandwa na wengine.