V, X na msalaba: alama ndogo, mambo makubwa

Ku maduka mingi ya hapa Lubumbashi, deni inaandikwa mu kaye. Mwisho wa mwezi mteja anafika, analipa, na mwenye duka anaweka V pembeni ya jina lake. Mambo imeisha. Lakini kuko wengine wanaoweka ile V siku mteja anabeba mufuko wa unga: kwao V inasema "amechukua", haisemi "amelipa". Basi mwenye duka akisafiri, mdogo wake akibaki ku duka, njo pale kelele inaanza.

"Mama, niliisha kulipa, si uko naona ile V?"

"Baba, ile V ni ya unga, haiko ya makuta!"

Na wote wawili wanasema kweli. Dawa yake haina bei: pembeni ya V, andika tarehe na hesabu ya makuta.

V tuliizoea ku masomo, mu biki nyekundu ya mwalimu: jibu ni nzuri. Ku Japani, mwalimu anazungushia jibu nzuri duara, wanaiita maru, na ile V yetu mara mingi ni alama ya kosa. Ku Finlandi pia mwalimu anaiweka penye kosa. Neno lao la "si sawa", väärin, linaanza na V. Mtoto wa kwetu akienda kusomea kule, anaweza kufurahia karatasi yenye imejaa makosa.

Mu biro za Serikali kuko ndugu ya V: neno "vu". Chef akiandika "vu" ku barua yako na kutia sinyatire, usianze kununua vinywaji. Amesema ameiona tu. Tunajua watu waliongoja miezi na karatasi ya namna ile, wakifikiri wamekubaliwa.

X yenyewe iko na sura mbili. Kwa mtu asiyejua kuandika, tangu zamani, X inashika nafasi ya sinyatire. Ni alama ya kusema "mimi ninakubali". Lakini X nyekundu ku ukuta wa nyumba, mara ingine na maneno "à démolir" chini yake, inafukuza usingizi. Wenye kuiweka wanapita mchana, baba yuko ku kazi, watoto peke yao mu nyumba. Kwetu sisi, rangi ku ukuta haitoshe: mwenye nyumba anapaswa kupewa karatasi yenye kueleza sababu, tarehe na jina la biro iliyotuma watu. Tena, ukiikuta, piga foto mbele ya kugusa kitu. Kuipangusa usiku hakuondoe jambo.

Na mu mji ule ule, msalaba mwekundu juu ya rangi nyeupe ni usalama. Tangu mapatano ya Genève ya 1864, alama ile inalinda waganga na wagonjwa wakati wa vita. Haiko ya mapambo: duka la dawa halina ruhusa ya kuibandika. Njo maana farmasi zinatumia msalaba wa kijani.

Tubakie na telefone. Ku WhatsApp, alama moja maana yake ujumbe umetoka kwako. Mbili, umefika ku telefone ya mwenzako. Zikiwa za bluu, umefunguliwa. Ile bluu ilikuja 2014, na ndoa ngapi zimetikisika juu yake! Lakini alama moja haisemi mtu amekufa ao amekukataa. Mara mingi ni rezo imekatika ao batri imeisha, zaidi kwa ndugu walio mu vijiji vya mbali. Mbili zisizo bluu nazo hazina hakika, sababu mtu anaweza kuzima ile bluu na kusoma kimya kimya. Akiizima, hata yeye haoni tena bluu ya wengine, isipokuwa mu grupe: mule bluu inaendelea kuonekana, lakini mpaka wote wamesoma.

Na ile alama ya bluu pembeni ya jina ku X, zamani Twitter? Tangu 2022 inauzwa kwa mwezi. Mtu akiweka jina la mkubwa fulani na alama ile, akiomba utume makuta, ujue alama ile aliinunua.