Baiskeli ya Mtoto na ya Mzazi Zitoke Karakana Pamoja

Kizazi kizima cha Afrika Mashariki kilijifunza baiskeli kwa kupenyeza mguu kwenye fremu. Mtoto wa miaka minane au tisa aliivizia baiskeli ya Phoenix ya baba imeegeshwa, siti ikimfika karibu na kidevu, akapitisha mguu wa kulia chini ya bomba la juu, akaikumbatia siti kwa kwapa na kuondoka mwili umepinda upande. Waliojifunza hivyo hujivunia makovu yao, na wana haki. Ila njia hiyo iliwaacha nyuma wengi: mtoto ambaye kwao hapakuwa na baiskeli ya kuvizia, na hasa msichana, aliyeambiwa sketi na baiskeli haviendani, au akatishwa kwa maneno mabaya kuliko hayo. Walioachwa nyuma ndio akina mama, na baadhi ya akina baba, wanaokuja leo karakana wamemshika mtoto mkono wakiulizia baiskeli ya msaada.

Baiskeli zenyewe zipo. Re-Cycle, shirika la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1997, hukusanya baiskeli zilizoachwa na wenyewe na kuzisafirisha Afrika kwa makontena. Working Bikes la Chicago hufanya kazi ya namna hiyo. Kutoka Japani zinaingia kwa biashara ya kawaida ya mtumba. Na katika miji yetu wako mafundi wa kujitolea wanaovunja baiskeli tatu mbovu ili wapate moja nzima ya mtoto. Kazi hii naifanya na naipenda, na kwa wenzangu nina neno moja: tusimkabidhi mtoto baiskeli peke yake. Nyumba inayopata baiskeli ya mtoto ipate na ya mzazi, siku hiyo hiyo.

Kwamba baiskeli hubadilisha maisha ya mtoto, hilo halina ubishi tena. Jimbo la Bihar, India, lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wanaoingia sekondari fedha za kununulia baiskeli, na wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walikuta uandikishaji wao umepanda kwa takriban asilimia 32. Huko Zambia, utafiti kuhusu wasichana wa vijijini waliopewa baiskeli za Buffalo na World Bicycle Relief ulionyesha kuwa safari ya shule ilifupika kwa takriban theluthi ya muda, na siku za kukosa masomo zikapungua kwa zaidi ya robo. Lakini tazama ni nani waliopewa. Ni wasichana waliokwisha kuwa na kimo cha kupanda baiskeli ya mtu mzima na akili ya kujiendea wenyewe. Mtoto wa darasa la pili humpi chombo kile. Yeye anataka baiskeli iliyojengwa kwa mwili wake, na mtu wa kwenda naye.

Kuijenga huanza kwa kumpima mtoto kabla hujagusa spana. Mvue viatu, msimamishe mgongo ukutani, pandisha kitabu chembamba katikati ya mapaja mpaka kigote, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Kwa anayeanza, kimo cha siti kisizidi hapo, ili nyayo zote mbili zikanyage chini bila kuchuchumia. Kwa kawaida gurudumu la inchi 12 humfaa mtoto wa miaka mitatu au minne, la 16 wa mitano au sita, la 20 wa saba hadi tisa, na la 24 humfikisha kwenye baiskeli za wakubwa. Umri lakini hudanganya; kipimo cha mguu hakidanganyi. Mzazi akiniambia, "Fundi, mpe kubwa tu, atakua nayo," namwomba radhi na kumkatalia. Baiskeli iliyomzidi mtoto humtia hofu katika zile wiki chache ambazo angeipenda maisha yake yote.

Kosa ninalokutana nalo zaidi kwenye baiskeli za kuungaunga ni krenki. Fundi ana fremu nzuri ya inchi 20, krenki yake imekatika nyuzi, anachukua ya mtu mzima yenye urefu wa milimita 170 na kuifunga kwa kuwa imeingia. Matokeo yake goti la mtoto linapanda karibu na kifua kila mzunguko, nyonga zinayumba, na kwenye kona pedeli inagonga chini. Kwa baiskeli ya kimo hicho tafuta krenki ya kati ya milimita 125 na 140. Ukikosa, ngoja, kuna baiskeli nyingine ya kumtengenezea mtoto mwingine wakati unasubiri.

Breki nazo zinataka mkono wa mtoto mwenyewe. Kwenye mikono mingi ya breki kuna skrubu ndogo karibu na usukani ambayo mafundi wengi hawaigusi kabisa. Ukiiingiza ndani, mkono wa breki unasogea karibu na vidole. Rekebisha hapo, kaza waya upya, kisha mpe mtoto ashike kwa vidole viwili huku wewe unaisukuma baiskeli mbele. Gurudumu likizunguka, kazi haijaisha. Waya uliopata kutu ndani ya ganda lake badilisha wote, hata kama unaonekana mzima kwa nje, maana kiganja kidogo hakina nguvu ya kupambana na kutu.

Tairi ndiyo inayoua baiskeli nyingi za msaada baada ya miezi michache, na sababu ni namba. Magurudumu yanayoitwa inchi 20 yako ya namna mbili kuu zisizoingiliana. Soma ubavuni: tairi iliyoandikwa 47-406 inakaa kwenye rimu ambayo kipenyo chake cha kukalia tairi ni milimita 406, na kamwe haitakaa kwenye rimu ya 451. Za inchi 24 zinasumbua zaidi, kwani utakuta 507, 520 na 540. Kabla ya kumpa mtoto baiskeli, nenda dukani uone kama tairi na tyubu ya namba hiyo inauzwa mjini kwenu. Isipouzwa, badilisha magurudumu mapema. Fanya vivyo hivyo na valvu: tyubu zenye valvu nyembamba za Kizungu hazishiki pampu ya fundi wa mtaani, na mtoto atakayepungukiwa upepo Jumatatu atakuwa anatembea kwa miguu Jumanne.

Sasa mfundishe. Magurudumu madogo ya pembeni yatoe uyaweke kando. Baiskeli hubaki wima kwa sababu usukani unageuzwa kuelekea upande inakoangukia, magurudumu yakarudi chini ya uzito wa mpandaji. Hilo ndilo la kujifunza, na mwili hulipata kwa kuhisi baiskeli ikiinama. Magurudumu ya pembeni huizuia isiiname, kwa hiyo mtoto hukaa miezi akijifunza jambo jingine, na siku yakifunguliwa huanza upya, safari hii na woga juu yake. Chombo cha Karl Drais, alichokiendesha Mannheim mwaka 1817, hakikuwa na pedeli; mtu alikaa na kujisukuma kwa miguu. Rudi huko. Chukua spana namba 15, fungua pedeli ya kulia kama unavyofungua nati yoyote, na ya kushoto izungushe kwa mwendo wa mshale wa saa, kwa kuwa nyuzi zake zimekatwa kinyume. Watu wengi huharibu krenki hapo hapo kwa kutumia nguvu upande usio wake. Shusha siti, mwache mtoto atembee amekaa, kisha akimbie, kisha anyanyue miguu kwenye mteremko mdogo. Akiweza kuteleza hatua kadhaa akiwa anatazama mbele, mrudishie pedeli.

Njia hiyo hiyo ndiyo ninayomfundishia mama mtu mzima ambaye hajawahi kupanda, na ndipo karakana inapokuwa na furaha yake kubwa. Mama na mwana wanajifunza uwanja mmoja, wote hawana pedeli, na mara nyingi mwana anatangulia kuweza na kuanza kumwelekeza mamaye. Kwa mama, zile baiskeli za Kijapani zenye kikapu mbele zinafaa kuliko zote: bomba lake limeshuka chini hivyo kanga au baibui halipandi, cheni imefunikwa, na nyingi zina kizuizi kwenye gurudumu la nyuma cha kulinda nguo. Ziko kwenye mtumba, na wafadhili wanaotafuta picha za watoto wakicheka huzipita bila kuzitazama. Wazitazame. Mama asiye na baiskeli atamwangalia mtoto akizunguka uani mpaka achoke. Mama mwenye baiskeli atakwenda naye sokoni, kwa bibi, shuleni.

Njiani mzazi hukaa nyuma ya mtoto, si mbele, kidogo upande wa magari. Tanzania, Kenya na Uganda tunakoendesha kushoto, mtoto yuko kushoto karibu na ukingo na mzazi yuko nyuma yake kwa kulia kidogo, ili dereva anayekuja amwone mtu mzima kwanza. Kwa wasomaji wa Rwanda, Burundi na Kongo, geuza. Maneno yawe machache na yasibadilike: simama, punguza, gari nyuma. Penye makutano wote wawili washuke na kuvuka wakikokota, mpaka mtoto awe mkubwa. Mtoto wa miaka saba anaona gari vizuri kabisa. Asichoweza ni kukadiria litamfikia baada ya muda gani.

Iko hoja kwamba barabara zetu ni za kifo na kumwingiza mtoto humo ni kumtupa. Hoja hiyo naichukulia kwa uzito. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Lakini tukumbuke Uholanzi ilikotoka. Mwaka 1971 barabara za nchi ile ziliua watu takriban 3,300, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia mitaani, wakafunga barabara, wakadai njia salama, na njia za baiskeli tunazozisifu leo zilitokana kwa sehemu kubwa na shinikizo lile. Kwetu pia yako ya kushika. Dar es Salaam, mradi wa shirika la Amend wa kuweka matuta, vivuko na njia za miguu kuzunguka shule za msingi ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross Center mwaka 2019. Kigali hufunga barabara kadhaa kwa magari mara mbili kwa mwezi, na familia hutoka na baiskeli asubuhi. Mzazi anayepita barabara ya shule kwa baiskeli kila siku anajua tuta linahitajika wapi, na maneno yake kwenye mkutano wa mtaa yana mashiko kuliko yangu.

Lipo la mwisho la kupanga kabla baiskeli hazijatoka. Ya mzazi mpe moja kwa moja, pamoja na pampu, viraka na gundi, na aondoke baada ya kuziba pancha moja kwa mikono yake mbele yako. Ya mtoto mpe kwa makubaliano ya kuirudisha ikimbana, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Akirudisha ya inchi 16 anachukua ya 20 iliyokwisha kupimwa kwa mguu wake, na ile ndogo unaivunja, unaosha gololi zake kwa mafuta ya taa, unatia grisi mpya, na kuitundika ukutani kwa anayefuata.