Mzazi Mwenye Deni Anataka Kusomesha: Abishe Mlango Gani?

Kila mwaka masomo ya juu yakikaribia kufunguliwa, mlango wa mchungaji hapa Lubumbashi hubishwa sana. Mwaka jana alikuja mama mmoja, muuza unga wa mahindi. Mtoto wake amepata diploma ya Serikali, anataka kuingia UNILU. Mama hana pesa za kutosha, na tena ana deni katika mikrofinansi moja, deni ambalo aliacha kulilipa alipougua. «Pasta, unitilie sahihi tu, nikakope mahali pengine.»

Wengi wana swali hilo, kwa hiyo nalieleza hapa.

Jirani zetu wana njia tusiyo nayo. Kenya iliunda HELB kwa sheria ya mwaka 1995. Tanzania ilipitisha sheria ya Bodi ya Mikopo mwaka 2004. Huko mwanafunzi mwenyewe ndiye anayekopeshwa, naye anarudisha baada ya masomo. Hawaulizi kwanza kama mama yake alilipa banki vizuri. Kwetu mzigo unabaki kwa mzazi, na mzazi anakopa kwa jina lake, kama mfanyabiashara.

Na jina linafuatwa. Banque Centrale du Congo ina Centrale des risques, ambamo mikopo ya banki inaandikwa. Hata pasipo kompyuta, agenti wa mikopo anauliza majirani zako sokoni. Na kundi ambalo wanachama wake wanadhaminiana halimpokei kwa urahisi mtu ambaye kesho watalazimika kumlipia.

Ndipo watu wanakimbilia Banki Lambert. Sote tunamjua: hana kibao mlangoni, wala haulizi maswali mengi. Tuseme amekupa dola 200, na kila mwezi anataka faida ya 30 kwa mia. Ni dola 60. Baada ya miezi 4 umetoa dola 240, na zile 200 bado anakudai zote. Kuna waalimu wanaomwachia hata kadi ya banki ya mshahara. Mjane wa 2 Wafalme 4 alimjua mdai wa namna hii: alikuja kuchukua watoto. Mimi nasema wazi, afadhali kijana akose mwaka mmoja. (Wako washiriki wetu wanaofanya kazi hiyo na Jumapili wanatoa sadaka. Hilo tutalizungumza siku nyingine.)

Sikutia sahihi. Nilimsindikiza mama mpaka kule anakodaiwa. Aliogopa, akidhani watamkamata. Wakahesabu upya, wakagawanya deni katika malipo madogo ya kila wiki, wakaandika karatasi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza: nenda mwenyewe kabla hawajakutafuta, uombe mpango mpya. Ukimaliza, dai karatasi inayoshuhudia kwamba umelipa yote, na uichunge kama cheti cha ubatizo.

Tena, pesa za chuo hazilipwi zote siku moja. Uliza tranche ya kwanza ni kiasi gani na mwisho wake ni lini. Wengi wanakopa pesa za mwaka mzima bure, na faida inaanza kuhesabiwa siku ileile. Lipa katika banki iliyotajwa na chuo, chunga bordereau. Usimpe mtu pesa akulipie. Na kwa mfumo wa LMD licence ni miaka 3, basi piga hesabu ya miaka 3.

Pesa ya tranche itoke wapi? Ndugu zetu wa Kivu wanazijua AVEC vizuri. Wanachama wananunua hisa kila wiki. Kwa kawaida mtu anaweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake. Mwisho wa mzunguko wanagawana. Hapo hawaangalii faili ya banki, wanaangalia kama unakuja kila wiki. Kundi la akina mama wetu lilikuwa linagawana Desemba, kwa ajili ya sikukuu. Tukapendekeza Oktoba, kwa ajili ya masomo. Mabishano yalikuwa makali, maana Noeli ina watetezi wengi, lakini Oktoba ikashinda.

Mama yule aliingia kwa hisa moja kwa wiki. Mgao wa Oktoba ulitosha tranche ya kwanza, na kijana ameanza masomo mwaka huu, nyuma ya wenzake kwa mwaka mmoja. Deni la zamani bado halijaisha. Yamebaki malipo ya wiki sita.